Mita moja, kaya sita: barua ya wazi kwa wanaopanga bei ya stima

Kwa waheshimiwa mnaopanga bei ya umeme nchini, na kwa wakuu wa kaunti yetu ya Mombasa,

Salaam aleikum.

Mimi ni mweka daftari wa nyumba ya vyumba sita, Majengo. Sikupigiwa kura. Nilipewa kazi hii kwa sababu chumba changu ndicho cha kwanza ukiingia, mita iko ukutani mkabala na mlango wangu, na mlio wake wa kuomba tokeni huniamsha mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Daftari lenyewe ni la shule, jalada limeshatoka, na ndani hamna majina ya watu ila ya vyumba: Cha Kwanza, Cha Pili, mpaka Cha Sita. Kila Jumamosi baada ya magharibi nabisha milango, nakusanya, naandika. Kijana wa Cha Nne ananunua tokeni kwa simu yake, ananisomea tarakimu ishirini nami nabonyeza, tukikosea moja tunaanza upya. Watoto wamesimama ukumbini kimya kama wanaosubiri mwezi uandame.

Nawaandikia kwa sababu ya hesabu moja. Nimeirudia mara nyingi, nimempa na mwalimu wa Cha Tano airudie, na jibu ni lile lile.

Nyumba zetu hizi mwazijua, na kama wapo kwenu wasiozijua, nitaeleza kwa ufupi. Ukiingia mlango mkubwa kuna ukumbi mrefu wa katikati, vyumba vitatu kila upande, na mwisho wa ukumbi ni uani penye jiko, choo na kisima. Hapo zamani alikaa mtu mmoja na wake na wanawe na wazee wake. Leo kila chumba ni kaya yenye sufuria zake, kodi yake na shida zake. Majengo zimejaa, Kisauni zipo, Likoni zipo, Changamwe zipo. Aliyebadilika ni mkaaji. Mita imebaki moja, kama mlango mkubwa ulivyobaki mmoja.

Sasa hesabu. Kwa bei zilizotangazwa Aprili 2023, anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12 na senti 22 kwa yuniti, kabla ya kodi na nyongeza nyingine. Anayevuka 30 hadi 100, shilingi 16 na senti 30. Anayepita 100, shilingi 20 na senti 97. Bei zenyewe zimesogezwa kidogo tangu siku hiyo, lakini ngazi ni zile zile tatu. Na ukivuka ngazi, hamhesabu zile zilizozidi peke yake. Hata ile yuniti ya kwanza kabisa inapanda nawe.

Nyumba yetu hutumia yuniti 150 kwa mwezi wa kawaida. Gawanya kwa kaya sita, ni 25. Kwa wastani, kila mmoja wetu yumo ndani ya ile ngazi ya chini mliyosema mmeiweka kwa ajili ya mwenye kipato kidogo. Lakini mita haioni watu, inaona 150, nasi sote sita twapandishwa mpaka juu kabisa, tukakae na mwenye nyumba ya ghorofa na viyoyozi vitatu kule Nyali. Kwa bei za Aprili ile, tofauti ni shilingi 8 na senti 75 kwa kila yuniti. Mara 150, ni shilingi 1,312 na nusu kwa mwezi. Kila chumba, 218 na senti 75. Kwenu huenda hiyo ni chenji ya kahawa. Kwa mama wa Cha Sita anayefua nguo za watu, ni unga. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami sitawalaumu kwa kutohisi uzito wake. Naomba tu muupime.

Mwenye nyumba yake peke yake anayewasha taa mbili na redio analipa bei ya maskini. Sisi tuliobanana sita kwa sababu hatuna uwezo wa kukaa peke yetu twalipa bei ya tajiri. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa kitini akakusudia hivyo. Nadhani hakuna aliyeuliza mita moja yalisha nyumba ngapi.

Najua jibu litakalokuja kwanza: tupunguze matumizi. Hilo tumelifanya, na niruhusuni nilieleze kwa kirefu kidogo, maana ndilo ninalolijua.

Mwaka juzi nyumba hii ilikuwa ikitumia yuniti 220. Kila Jumamosi palikuwa na ugomvi. Cha Tatu akimtuhumu Cha Nne kwa koili ya kuchemshia maji, Cha Nne akimtuhumu Cha Tano kwa pasi, wote wakimtuhumu Cha Pili kwa friji. Nikachoka. Nikagundua kwamba kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba kikimweka mara 1,000 yuniti moja imekwisha. Kumbe jasusi tulikuwa naye ukutani miaka yote.

Usiku mmoja nikaomba vyumba vyote vizime kila kitu. Taa, pangaboi, chaja, friji, kila kitu. Tukakaa ukumbini gizani na tochi ya simu, tukakitazama kitaa. Kilipaswa kutulia. Hakikutulia. Kilimweka mara 12 kwa dakika, haraka kama mtu anayekimbizwa. Watu wakaanza kuangaliana. Mtoto wa Cha Tatu ndiye aliyesema, "Mbona kisima chanung'unika?" Tukaenda uani. Pampu ilikuwa ikifanya kazi, inajaza tangi, na kutoka tangini bomba limevuka ukuta kwenda kwenye nyumba mbili nyingine za mwenye nyumba wetu. Maji ya wapangaji wake wote yalikuwa yakipandishwa kwa tokeni zetu. Alipoitwa alikuja, akakuna kichwa, akasema fundi ndiye aliyekosea waya. Fundi huyo hatujamwona mpaka leo. Lakini pampu ilihamishiwa mita yake, na daftari likapungukiwa na yuniti kama 15 kwa mwezi.

Kisha tukaiendea friji ya Cha Pili. Ni friji ya mtumba, ilikuja na meli, bado ina stika ya duka la huko ilikotoka. Mama wa Cha Pili anauza barafu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto wa madrasa, kwa hivyo friji si anasa kwake, ni duka. Tukazima vingine vyote tukaiacha peke yake. Kitaa kikamweka mara 11 kwa dakika sita, sawa na wati 110, jambo ambalo kwa friji si baya. Ubaya ni kwamba haikupumzika. Friji nzima hunguruma, ikatulia, ikanguruma tena. Hii ilinguruma usiku kucha kama mwenye homa. Nikachukua noti ya shilingi 50, nikaibana mlangoni, nikaivuta. Ilitoka bila kushikwa. Nikajaribu pande zote nne, ikashikwa upande mmoja tu. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa, na baridi yote tuliyoinunua ilikuwa ikitoka na kumwagika sakafuni. Fundi akaweka mpira mpya, tukaisogeza mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili mgongo wake upate hewa, na mama akaacha kuingiza sufuria za ukwaju zikiwa bado moto. Friji ikaanza kupumzika nusu ya siku. Hiyo ilikuwa yuniti 40 kwa mwezi. Peke yake!

Taa ya ukumbini nayo ilikuwa balbu ya wati 60 ya mtindo wa zamani, inawaka tangu magharibi mpaka alfajiri kwa sababu ya ngazi iliyovunjika mlangoni. Tukaweka ya LED ya wati 9. Yuniti nyingine 15 zikabaki. Ngazi bado imevunjika.

Pasi sasa hupigwa Jumapili, sare zote za wiki kwa mkupuo mmoja, maana kuipasha moto ndiko kunakokula. Koili ya kijana wa Cha Nne tumeiwekea sheria: maji ya kikombe, si ya ndoo. Cha Pili analipa mafungu mawili kwa sababu ya friji yake, na wengine humwekea humo maji ya kunywa bila malipo, makubaliano yaliyotuchukua vikao vitatu na kumwita bibi wa Cha Tatu kuwa kadhi.

Kutoka 220 tukafika 150. Nyumba ya vyumba sita ilizitafuta yuniti zake 70 ikazipata, kwa noti ya shilingi 50 na kitaa chekundu. Nalisema hili bila kujisifu sana, ila kidogo najisifu. Maana nimesoma magazetini, mwaka baada ya mwaka, kwamba katika kila yuniti 100 zinazoingia kwenye nyaya za nchi hii zaidi ya 20 hupotea kabla ya kumfikia mteja, nyingine kwa nyaya chakavu na transfoma zilizozidiwa, nyingine kwa wizi. Na kwamba sehemu ya upotevu huo imekubaliwa iingie katika bei. Yaani mpira wa mlango wenu umekufa na noti tunawekewa sisi.

Hata hivyo, baada ya kupunguza karibu theluthi nzima, bei yetu kwa yuniti haikushuka hata senti. Tulikuwa juu ya 100, tumebaki juu ya 100. Ili nyumba hii iingie ngazi ya chini tungepaswa kutumia yuniti 30 watu kumi na tisa, yaani tano kwa kila chumba. Hapo mtu anachaji simu na kusema usiku mwema.

Na hizo 30 zenyewe, nataka kuuliza zilipimwa wapi. Yuniti 30 kwa mwezi ni moja kwa siku. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa 16 limekwisha kuila karibu yote. Katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba mpaka upepo ugeuke, na hasa Februari na Machi, joto la mchana hapa hufika nyuzi 32 au 33, na usiku unyevu unakulalia kifuani kama paka. Juu ni mabati yaliyokunywa jua kutwa, yanatema joto mpaka saa sita za usiku. Mtoto mchanga wa Cha Tatu alitoka vipele vya joto mwili mzima. Mwambie mama yake azime pangaboi aokoe yuniti. Ndugu zetu wa Limuru na Nyahururu nao wana baridi yao, siwaonei kijicho, lakini blanketi halihitaji tokeni.

Na kaskazi haikuachi inapoondoka. Ngazi ya mteja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo anayeishi peke yake akavuka 30 kwa sababu ya joto la Machi, atakuta mvua ya Aprili imenyesha, pangaboi limepumzika, na bado analipa kwa ngazi ya jua. Kabla ya Aprili 2023 ngazi ya chini ilifika yuniti 100. Aliyeishusha mpaka 30 nadhani alikuwa amevaa sweta.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni hili: mita inayolisha kaya sita ihesabiwe kaya sita. Yuniti 150 zigawanywe kwa sita ndipo mseme ni ngazi gani. Mtaniambia watu watadanganya, mwenye jumba atajiandikia kaya kumi. Wapo watakaojaribu. Lakini usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, siku ya sensa, karani alifika hapa akabisha kila chumba, si mlango mkubwa peke yake. Aliuliza nani amelala wapi, mnapikia nini, mwawasha taa ya nini. Serikali ilituhesabu kaya sita bila kumwamini mtu kwa maneno yake. Mzee wa mtaa anazijua nyumba za vyumba kwa majina, chifu anazijua. Kama kuna hofu, wekeni kikomo cha kaya kwa mita, na mje mkague bila kutuarifu.

Njia ya pili ni kila chumba kiwe na mita yake. Ni nzuri kwenye karatasi. Lakini maombi huhitaji mwenye nyumba, nyaya mpya na fundi mwenye leseni, na mpangaji wa chumba kimoja hawezi kugharimia ukuta usio wake, akifukuzwa kesho amemwachia mwingine. Nyumba ya jirani mwenye nyumba ameweka mita ndogo za kwake ndani, na anawauzia wapangaji yuniti kwa bei aipendayo yeye. Wao wameondokewa na ugomvi wa Jumamosi, wamepata sultani.

Ombi la pili ni saa. Tangu Desemba 2017 viwanda hupewa bei nafuu vikitumia stima usiku wa manane, wakati mahitaji yamelala. Ni jambo la busara. Mbona busara hiyo haijafika ukumbini kwetu? Nchi huelemewa jioni, kama saa moja mpaka saa nne za usiku, watu wote wanapopika na kutazama televisheni. Mama wa Cha Pili hana haja ya kugandisha barafu saa mbili usiku. Angeambiwa kwamba saa saba ni rahisi, angeweka saa yake iamshe mtaa mzima. Najua mita hizi tulizonazo hazijui saa. Basi mnapozibadilisha, na mwazibadilisha kila zinapochakaa, wekeni zinazojua.

Hili la jioni sisi wa Mombasa twaliona kwa macho. Zaidi ya yuniti nane katika kila kumi za umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, na maji ya mito, na upepo wa Turkana, na jua. Lakini karibu vyote hivyo viko mbali nasi, sisi tuko mwisho wa waya. Ule mkubwa wa kutoka Nairobi ulikamilika 2017 na umesaidia. Hata hivyo mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai bado huwashwa nguvu zinapopungua, na ukiwa unavuka Makupa kwenda Changamwe waona mabomba ya Kipevu yamesimama kando ya bandari. Kila yakivuta, kuna senti zinazoingia kwenye tokeni kwa jina la gharama ya mafuta, na hubadilika kila mwezi. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inatozwa juu ya stima na juu ya hayo mafuta pia. Kisha kuna asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, ambayo siipingi, mamangu alikuwa wa kijijini.

Ninachopinga ni ujumbe wa simu. Nikilipa shilingi 500 naletewa tarakimu ishirini, idadi ya yuniti, na maneno mawili ya Kiingereza yaliyogandishwa pamoja yanayosema "malipo mengine", na hayo malipo mengine ni kama theluthi ya pesa yangu. Mengine yepi? Muuza samaki wa Marikiti akinikata theluthi ya pesa na kusema "mengineyo", nitamwachia samaki wake. Kila Jumamosi nasimama mbele ya milango sita nikielezea kitu nisichoelezwa. Andikeni kila kipengele mstari wake, kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Mafuta kiasi gani, kodi kiasi gani, ngazi yako ni ipi mwezi huu, na umebakisha yuniti ngapi kabla ya kupanda. Hilo la mwisho peke yake lingewafanya watu kuzima taa kuliko mabango yote ya kuhimiza.

Sasa nawageukia ninyi wa kaunti, msidhani nimewasahau. Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti upangaji na maendeleo, na humo imetaja usambazaji wa umeme na gesi. Ramani za majengo mwazipitisha ninyi. Na mnajua kuamuru rangi: mwaka 2018 mliagiza majumba ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na mistari ya buluu. Watu walinung'unika gharama, mji ukapendeza, na nadhani hamkujua kwamba mlikuwa mmefanya kazi ya stima. Ukuta mweupe hulirudisha jua lilikotoka. Bati jeupe hulirudisha zaidi. Kama mlikuwa na nguvu za kuagiza rangi kwa ajili ya watalii, mnazo za kuagiza bati jeupe na matundu ya hewa chini ya paa kwa ajili ya sisi tunaolala chini yake.

Wazee waliojenga Mji wa Kale hawakuwa na pangaboi. Walikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti zilizo juu, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli, na madirisha yanayotazamana ili upepo wa kusi uingie huku utokee kule. Mpwa wangu amepanga fleti mpya Bamburi. Chumba cha kulala kina dirisha moja la kioo, la kusukuma, hivyo likifunguka hufunguka nusu. Upepo wa bahari unapita nje hapo, unamsalimia, unaenda zake. Amelazimika kununua kiyoyozi. Usiku mmoja wa kaskazi kinakula yuniti tano, ambazo nyumba yetu nzima ya kaya sita huzitumia kwa siku. Aliyeipitisha ramani ile amemwandikia mpwa wangu bili ya maisha. Iwe sharti: hakuna chumba cha kulala kinachopita ofisini kwenu bila upepo kuwa na pa kuingilia na pa kutokea.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia, na kitaa hapa ukutani kinanikumbusha kwamba taa yangu inawaka. Daftari liko wazi, mtu yeyote kutoka ofisi zenu aje alikague, kurasa zote, hata zile za ugomvi. Aje Jumamosi baada ya magharibi ndipo atatukuta sote. Mita iko kushoto ukiingia, juu ya mtungi wa maji, na ajihadhari na ngazi. Leo ni Jumatano usiku, inasoma yuniti 11 na nukta 4. Kwa joto hili itafika Ijumaa alasiri.

Wenu,
Mweka daftari, Cha Kwanza,
Majengo, Mombasa